Hedhi Ikikoma, Anza na Kiuno Kabla ya Mizani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ukikaa na wanawake wa miaka arobaini na kitu mpaka hamsini na kitu, lalamiko ni lilelile: "Chakula sijaongeza, lakini sketi hazifungi." Mapaja na makalio yako palepale, au hata yamepungua, tumbo ndilo limetangulia mbele. Mmoja ataambiwa ni raha za mjini, mwingine ataambiwa akapimwe uvimbe, wa tatu ataacha kula usiku na kuanza kunywa maji ya moto yenye ndimu kila alfajiri. Maji ya ndimu hayana ubaya. Ila hayagusi kinachoendelea ndani ya mwili, na hicho ukikielewa utaona kwamba kazi ya kufanya ipo, na sehemu kubwa haihitaji fedha nyingi.

Mwongozo huu ni wa mwanamke anayeukaribia ukomo wa hedhi, aliye katikati yake, au aliyekwisha kuuvuka. Kama una kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo tayari, usome, kisha uupeleke kwa daktari wako kabla ya kubadili mlo au dawa.

Hatua ya 1: Jua uko wapi

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikishapita miezi 12 mfululizo bila damu, pasipo sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Wanawake wengi hufika hapo wakiwa na miaka kati ya 45 na 55. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito ambacho kwa wengi huchukua miaka kadhaa: siku hukaribiana, kisha mwezi mmoja unarukwa, damu inarudi nzito kupita kawaida, halafu inapotea miezi mitatu. Mabadiliko ya mafuta mwilini huanzia humo kwenye mpito, wakati hedhi bado inakuja na kwenda. Anayengoja mpaka miezi 12 itimie ndipo aanze kujitunza, amechelewa kidogo.

Chukua kalenda au daftari, weka alama kila siku unayopata damu, na uandike kama ilikuwa nyepesi au nzito. Inatosha.

Kuna wanaohitaji uangalifu zaidi. Ukitumia sindano ya uzazi wa mpango, kijiti au kitanzi chenye homoni, damu inaweza kukoma kwa sababu ya njia hiyo na usijue kama ukomo umefika. Aliyeondolewa kizazi huku ovari zikibaki hataona damu tena, lakini homoni zake zitaendelea mpaka wakati wake ufike. Aliyeondolewa ovari zote mbili huingia kwenye ukomo papo hapo, kwa kishindo. Na hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, nenda hospitali, kwa sababu mifupa na moyo hupoteza kinga mapema mno na tiba ya homoni kwa kawaida hupendekezwa.

Jambo jingine: mpito si ugumba. Ushauri wa wataalamu ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kama umevuka miaka 50, na miaka miwili kama hujafika 50. Vitinda mimba wangapi wamepatikana kwa mama kuamini kwamba mambo yamekwisha!

Je, upime homoni? Ukiwa umevuka miaka 45 na dalili zipo, kwa kawaida haihitajiki. Katika mpito homoni hupanda na kushuka wiki hadi wiki, na karatasi ya maabara ya leo inaweza kupingana na ya mwezi ujao. Fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Elewa kilichobadilika

Utasikia kila mahali kwamba umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu, hulala hedhi ikikoma. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga wa siku nane hadi wazee wa miaka 95, uliopima nguvu ambayo mwili unatumia kwa siku. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa katika hesabu, matumizi hayo yalikaa tulivu tangu miaka 20 hadi 60, kwa wanawake na kwa wanaume. Baada ya 60 yalianza kushuka polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka. Ukomo wa hedhi haukuonekana kama shimo katika mchoro huo.

Basi tumbo limetoka wapi? Jibu zuri limetoka kwenye uchunguzi wa Marekani unaoitwa SWAN, ulioanza miaka ya 1990 na kuwafuatilia wanawake wa asili mbalimbali, weusi wakiwemo, kwa miaka mingi. Uzito wao uliongezeka taratibu kadiri umri ulivyosogea, bila kuruka ghafla. Lakini ndani ya uzito huo mambo yalibadilika: mpito ulipoanza, kasi ya kuongeza mafuta ilikaribia kuwa maradufu, na nyama ya mwili, misuli ikiwemo, ikaanza kupungua. Hali hiyo iliendelea hadi kama miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, kisha ikatulia.

Hapo ndipo mizani inapokudanganya. Kilo mbili za mafuta zikiingia na kilo moja ya misuli ikitoka, mizani itasema umeongeza kilo moja tu, nawe utaona si neno.

Nyuma ya yote hayo iko homoni ya estrojeni. Ilipokuwa nyingi, ilielekeza mafuta kwenye makalio na mapaja, mahali ambapo hayana madhara makubwa. Ikipungua, mafuta huhamia tumboni, na si chini ya ngozi tu bali ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo. Mafuta ya huko ndani hayakai kimya: humwaga asidi za mafuta na kemikali za uvimbe kwenye damu inayoelekea ini, na mwili huanza kuwa mgumu kuitikia insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli. Misuli nayo ndiyo mlaji mkubwa wa sukari baada ya mlo, kwa hiyo ikipungua, sukari inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Ini lilikuwa likisaidiwa na estrojeni kuiondoa kolesteroli mbaya, ile LDL, kwenye damu. Msaada ukipungua, LDL hupanda, na SWAN iliona mpando huo ukijikusanya katika mwaka unaozunguka hedhi ya mwisho. Ndiyo maana mwanamke mwenye vipimo safi akiwa na 46 anaweza kushtuka akiwa na 52 bila kubadili chochote mezani kwake.

Mifupa pia huisha kwa kasi katika miaka hiyo. Nitaigusa tutakapofika kwenye dagaa na madumu ya maji.

Hatua ya 3: Pima kiuno

Kifaa ni utepe wa fundi cherehani. Pima asubuhi kabla ya kula, nguo ikiwa nyepesi au umefunga kanga tu. Simama wima, miguu iachane kidogo. Tafuta kwa vidole ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha pitisha utepe katikati ya hapo, usawa kuzunguka mwili. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma.

Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani linachukulia sentimita 80 kuwa mwanzo wa hatari kuongezeka, na zaidi ya 88 kuwa hatari kubwa. Kipimo kingine rahisi ni kulinganisha kiuno na urefu: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 ahakikishe kiuno chake hakifiki 80.

Pima mara moja kwa mwezi na uandike kwenye daftari lilelile. Kila siku ni kujitesa, maana tumbo hujaa na kupungua kwa gesi, chumvi na choo.

Najua kwetu unene una heshima yake. Mama aliyejaa ni mama anayetunzwa, na akipungua majirani huuliza anaumwa nini. Sina ugomvi na makalio wala mapaja. Habari ni ya tumbo peke yake, na mwanamke mwembamba mwenye kitambi naye yumo.

Hatua ya 4: Nenda ukapime vitu vinne

Presha. Inapimwa zahanati yoyote, duka la dawa lenye mashine, au kwenye kambi za upimaji bure. Kaa dakika tano kwanza, mkono uegemee meza. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda na inahitaji mpango.

Sukari kabla ya kula, baada ya kukaa usiku kucha bila kula, kwa muda usiopungua saa 8. Ikifika 7.0 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ikarudiwa na kuthibitika, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko mlangoni, na huo ndio wakati mzuri wa kuchukua hatua zinazofuata kwa bidii.

HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Hapa pana jambo linalotuhusu sana sisi: upungufu wa damu na kurithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu vinaweza kukipotosha kipimo hiki. Mwambie mpimaji kama unatokwa damu nyingi ya hedhi au kuna selimundu katika ukoo.

Mafuta kwenye damu. Hiki mara nyingi hakipo zahanati, utakwenda kituo kikubwa au maabara binafsi. Ukiweza kukifanya mara moja katika mpito na mara moja baada ya hedhi kukoma, utaona mwenyewe LDL ilikotoka na inakokwenda.

Kama umechoka kupita kiasi, nywele zinakatika, choo ni kigumu na baridi inakutesa, omba na kipimo cha tezi ya shingo. Dalili zake hufanana na za ukomo, na tezi iliyolegea huongeza uzito na LDL pia.

Hatua ya 5: Panga upya sahani, anza na asubuhi

Wengi huanza kwa kukata chakula. Mimi naona ni kuanzia mwisho. Ukikata chakula chote bila mpango, mwili unachoma mafuta na misuli pamoja, na misuli ndiyo usiyotaka kuipoteza sasa. Anza kwa kuongeza protini, kisha uone wanga unavyojipunguza wenyewe.

Kwa umri huu, lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 70 hadi 84. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari.

Sasa tazama mlo wa asubuhi uliozoeleka: chai ya rangi na maandazi mawili. Hapo protini haizidi gramu nane hivi. Mchana ugali mkubwa na mchicha, usiku wali na maharage vijiko vinne. Tumbo limejaa siku nzima, misuli imelala njaa. Makadirio haya yatakusaidia kupanga:

- Yai moja: gramu 6
- Glasi ya maziwa au mtindi: gramu 8
- Kikombe cha maharage, kunde au mbaazi zilizoiva: gramu 15 hivi
- Samaki au kuku wa ukubwa wa kiganja, kama gramu 100: gramu 22 hadi 27
- Dagaa wakavu gramu 30: gramu 16 hadi 18
- Konzi ya karanga: gramu 7

Mayai mawili na glasi ya mtindi asubuhi ni gramu 20. Kikombe kizima cha maharage na ugali wa kiasi mchana ni zaidi ya 20. Dagaa na wali kidogo usiku, na konzi ya karanga saa kumi jioni, unakaribia 70. Hakuna nyama hata kipande kimoja hapo, na bei yake inabebeka. Kama mayai yamepanda bei, uji wenye karanga zilizosagwa na maziwa, au maharage ya jana yaliyopashwa, vinafanya kazi. Mkenya mwenye githeri yenye maharage mengi kuliko mahindi naye ameshamaliza nusu ya kazi.

Dagaa nawasifu kwa sababu nyingine: wanaliwa na mifupa yao. Mwanamke baada ya ukomo anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalisi kwa siku, na kwa nyumba isiyokunywa maziwa dagaa ndio njia ya karibu kabisa. Omena wa Kisumu, dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, wote wanafaa. Waoshe vizuri kuondoa mchanga, na kama wametiwa chumvi nyingi waloweke kwanza.

Kuhusu wanga, usiufute. Punguza bonge la ugali mpaka liwe kama ngumi yako, ujaze nusu ya sahani mboga za majani, mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, bamia, nyanya chungu. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ilimradi mahindi yalikaushwa vizuri na hayana ukungu. Na kuna ujanja mdogo wenye ushahidi: anza kula mboga na kitoweo, ugali au wali ufuate. Sukari ya damu haipandi sana kama ambavyo ingepanda ukianza na wanga. Mezani kwa watu inaonekana ajabu kidogo, lakini nyumbani kwako ni nani atakuuliza?

Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kina kama kilokalori 120, na sufuria ya mchicha inayoogelea mafuta hubeba vijiko vitano au sita kirahisi. Kama LDL yako iko juu, badilisha mafuta ya mgando, samli na mawese kwa ya maji, kama alizeti. Tui la nazi zito nalo lina mafuta yaleyale magumu. Sisemi uache wali wa nazi, nani ataacha? Uwe wa sikukuu na Ijumaa, usiwe wa kila usiku.

Sukari ya chai ndiyo mwizi mkubwa. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko tisa, karibu gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka kufikia 25 ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 mara nyingi peke yake ina zaidi ya gramu 30. Usiache chai ghafla, utarudi. Punguza nusu kijiko kila wiki, tia tangawizi, mdalasini au iliki, na baada ya miezi miwili chai ya zamani utaiona kama sharubati.

Neno kwa wanaofunga Ramadhani. Baada ya ukomo unafunga mwezi mzima bila siku za kukatika, na hakuna tena za kulipa. Ni nafasi nzuri, lakini futari zetu huiharibu: kaimati zilizolowa shira, sambusa, viazi karai, uji wa sukari nyingi, tambi, na daku la wali. Fungua kwa tende moja hadi tatu na maji, kisha supu au maharage na mayai, vya kukaanga viwe viwili vitatu na si sahani nzima. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu sukari inaweza kushuka vibaya mchana.

Hatua ya 6: Ibebeshe misuli mzigo

"Mimi sikai, nafagia, nafua, napika, nakwenda sokoni." Ni kweli, na moyo unakushukuru. Lakini misuli haikui kwa kazi iliyoizoea. Inataka mzigo unaoongezeka. Kutembea kuendelee, dakika 150 kwa wiki angalau, na dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo mkubwa hupunguza sukari ya damu waziwazi. Juu ya hapo, mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisizofuatana, fanya haya. Yanachukua nusu saa, hayahitaji jimu.

Kuinuka kwenye kiti. Kaa kwenye kiti imara, inuka bila kushika chochote, kaa tena polepole. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia mizunguko mitatu. Ukizoea, kumbatia dumu la maji kifuani.

Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka paji la uso likaribie ukuta, sukuma urudi. Ukuta ukiwa rahisi, hamia kwenye meza nzito.

Kuvuta dumu. Mkono mmoja na goti vikae kwenye kiti, mgongo umenyooka, mkono wa pili uvute dumu kutoka chini mpaka ubavuni. Badilisha upande.

Kunyanyua nyonga. Lala chali mkekani, magoti juu, nyanyua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani, shikilia kidogo, shusha.

Kupanda kwa vidole. Simama karibu na ukuta, nyanyua visigino, shusha taratibu.

Kanuni ni moja: mara mbili za mwisho katika kila mzunguko ziwe ngumu kweli. Ukifika 12 huku unaongea na jirani, ongeza maji. Uzuri wa dumu ni huo, lita moja ni kilo moja, unaongeza nusu lita kwa wakati wako. Mzigo huohuo unaochokoza misuli ndio unaoiambia mifupa isilegee.

Kama mkojo unakutoka ukikohoa au ukinyanyua, usikae kimya kwa aibu. Kaza misuli ya njia ya mkojo kana kwamba unaukata katikati, hesabu hadi tano, legeza, mara kumi asubuhi, mchana na usiku. Wataalamu wa fiziotherapia wanalifahamu jambo hili vizuri.

Anayelima kwa jembe na kubeba maji kichwani kila siku haambiwi anyanyue madumu; ameshanyanyua ya kutosha. Tatizo lake kwa kawaida ni kinyume: kazi nyingi, protini kidogo, kupumzika hakuna. Kwake hatua ya 5 ndiyo yenye uzito.

Hatua ya 7: Okoa usingizi

Usingizi mbovu huongeza njaa, hasa ya vitu vitamu, na hufanya mwili uitikie insulini vibaya. Kinachouharibu mara nyingi ni vipindi vya joto la ghafla. Katika SWAN vilidumu wastani wa miaka saba na zaidi, na kwa wanawake weusi wa Marekani wastani ulifika miaka kumi. Kwa hiyo ushauri wa "vumilia, yatapita" ni ushauri wa kumvumilisha mtu muongo mzima.

Lala na kanga ya pamba, feni kama ipo, dirisha lenye wavu liwe wazi. Pombe, kahawa, pilipili kali na chai ya moto sana usiku huwachokoza wengi. Jaribu kuondoa kimoja kimoja uone. Ukikoroma na kuamka umechoka kama hukulala, mwambie daktari, kwa sababu kukatika kwa pumzi usingizini huongezeka baada ya ukomo.

Tahadhari: jasho la usiku kwetu huwa linatibiwa kama malaria bila kupima. Pima kwanza. Na jasho likija pamoja na kikohozi cha wiki mbili, homa au kukonda, hilo ni la kupimwa kifua kikuu.

Hatua ya 8: Zungumza dawa na anayezijua

Tiba ya homoni si dawa ya kupunguza uzito. Ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa joto la ghafla, hulinda mifupa, na huchelewesha kidogo mafuta kuhamia tumboni. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, WHI, ulitia hofu dunia nzima kuihusu. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu ukomo, kwa kawaida faida huzidi madhara. Mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na projestojeni, homoni inayolinda ukuta wa ndani wa kizazi, kamwe si estrojeni peke yake. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa, au anayetokwa damu isiyojulikana sababu, kwa kawaida hapewi. Muulize daktari wa magonjwa ya wanawake, na usishangae ukilazimika kuuliza wa pili.

Wanaotumia ARV zenye dolutegravir wanaweza kuongezeka uzito, na ukomo ukija juu yake tumbo huongezeka haraka. Usiache dawa wala kuruka dozi. Lieleze kliniki, upimwe sukari na presha mara kwa mara.

Chai za "kusafisha tumbo" na vidonge vya kukonda vinavyouzwa kwa simu uviache. Nyingi ya chai hizo ni dawa ya kuharisha: unapoteza maji, mafuta yanabaki. Baadhi ya vidonge vya aina hiyo vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo na mishipa.

Hatua ya 9: Jipe miezi mitatu, kisha rudia vipimo

Usihukumu kwa wiki mbili. Kiuno hupungua polepole, na mara nyingi mtu huona kwanza kwamba anapanda ngazi bila kuhema, ndipo nguo zinapolegea. Baada ya miezi mitatu rudia presha na sukari kama zilikuwa juu. Kama zilikuwa safi, mara moja kwa mwaka inatosha. Ukiwa umefanya haya yote na LDL au sukari bado iko juu, kubali dawa. Mwili mwingine unahitaji vyote viwili.

Mambo machache hayangoji miezi mitatu. Kiu isiyokwisha na kukojoa kila saa, nenda wiki hiyohiyo. Kukonda bila kujaribu, vilevile. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika, au uchovu mkali wa ghafla wenye kichefuchefu na jasho, nenda siku hiyohiyo, kwa maana mshtuko wa moyo kwa wanawake hauji kila mara na maumivu makali ya kifua. Na damu ikirudi baada ya miezi 12 ya kimya, hata tone, usiichukulie kuwa hedhi imerudi. Inataka uchunguzi wa shingo ya kizazi na wa mfuko wa uzazi ndani ya wiki chache, hata kama huumwi popote.